Muziki wa Kabla ya Pazia

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu, Mama Neema, anayeuza vitenge soko la Mkuyuni na kujulikana na nusu ya Mwanza, huwaambia wateja wake kwamba mume wake ni kama kabati: unaliacha pale, ukirudi unalikuta pale, tofauti ni kwamba kabati haliulizi chakula kiko wapi. Nafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba, na kuku ni sababu nzuri ya kutokwenda popote. Nikialikwa harusi, kuku. Nikiitwa kwenye kikao cha ukoo, kuku. Nilisoma mpaka kidato cha nne na mengi yamenitoka, ila somo la ramani nililipenda, na mpaka leo naona ukishaiona ramani ya mahali hakuna haja ya kujisumbua kwenda.

Nasema haya mapema ili usije ukashangaa mtu kama mimi anapata wapi mdomo wa kuzungumzia opera. Sikuifuata. Yenyewe ilipanda mlima ikanikuta.

Nyumba za kilima chetu zimebanwa katikati ya mawe. Yangu iko juu. Chini yake kuna jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe, na chini ya jiwe hilo ilikuwa nyumba ya Mwalimu. Chochote kilichopigwa uani kwake kiligonga lile jiwe kikapanda moja kwa moja hadi bandani kwa kuku wangu. Miaka yote ya ujirani wetu sikuhitaji redio.

Tulimwita Mwalimu tu. Alikuwa ameshastaafu shule ya msingi nilipomfahamu, mama mrefu, mabega mapana, mwenye kundi la matarumbeta. Yale matarumbeta yanayopanda nyuma ya pikapu na kumsindikiza bibi harusi toka saluni hadi kanisani, toka kanisani hadi ukumbini, yakipuliza mpaka wenye maduka wanatoka nje. Mama wa umri ule kuongoza wanaume wazima wenye matarumbeta, mwanzoni watu walilisema sana. Baadaye wakachoka kulisema. Yeye hakuchoka kuongoza.

Mimi alinipa jina langu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mfungwa. Umepewa ruhusa ya kutoka mpaka uzioni leo?"

"Nimepewa, ila nimeambiwa nisizoee."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu, na siku asiponiita mfungwa nilijua anaumwa.

Zamani alipuliza tarumbeta mwenyewe. Wanaomkumbuka enzi hizo wanasema hakuwa na nguvu kuliko wengine, ila ungeijua sauti yake hata kama pikapu iko mtaa wa tatu. Sasa, mpuliza tarumbeta anahitaji meno ya mbele, maana midomo inaegemea hapo. Na Mwalimu alipenda miwa. Alikuwa akiwahubiria watoto wa mtaa ubaya wa pipi huku kipande cha muwa kimechungulia kwenye mkoba wake, na mtoto akithubutu kukitazama, mahubiri yanaanza upya. Jino la kwanza lilipotoka aliendelea kupuliza na pengo lake miaka kadhaa. Ndiyo miaka niliyohamia pale juu. Yalipofuata mengine akalifunga tarumbeta kwenye mfuko wa kitambaa, akalitundika ukutani, akaenda jikoni, akarudi na mwiko. Toka siku hiyo aliongoza kwa mwiko wa ugali. Walimletea kifimbo cha kununua, chembamba, cheupe. Akakitazama, akasema hicho ni cha kuchokonolea sikio.

Alikuwa mtu wa kugongana mwenyewe kwa mwenyewe. Alizilaani harusi, kwamba zimeua muziki Mwanza nzima, na hakuna harusi aliyoisindikiza bila kulia, tena kilio cha kweli, cha kupenga kamasi kwenye ncha ya kitenge. Alidai watu hawajui kusikiliza, na yeye mwenyewe ukianza kumweleza jambo alikuwa ameshalimalizia kabla hujafika katikati, na kulimalizia vibaya. Ibadani alifika watu wanatoa sadaka. Kwenye vikao vya mtaa alifika watu wanafunga kwa sala. Lakini mazoezi ya muziki yakipangwa saa kumi, saa kumi mwiko uko hewani, na asiyekuwepo aliimbwa vibaya na wenzake kwa amri yake mpaka afike.

Na kitu alichopenda kuliko harusi, kuliko miwa, nadhani kuliko sisi wote, ni ufunguzi.

Alinieleza siku moja tukiwa kila mmoja upande wake wa jiwe, mimi nimeshika beseni la pumba, yeye ametazama juu kama anayeongea na mtu wa ghorofani. Chuo cha ualimu alichosoma, kulikuwa na mkufunzi mwenye santuri na sahani zake. Kati ya sahani hizo ilikuwemo opera, yaani mchezo ambao watu wanaimba badala ya kusema, na opera yenyewe ilikuwa ya hadithi za kale, za wafalme na wanyama wanaoongea. Ilikuwa sahani mbili. Ya pili ilikuwa imevunjika. Ya kwanza ilikuwa na ufunguzi tu: muziki wa ala unaopigwa kabla pazia halijafunguliwa.

"Kwa hiyo hamkuisikia hadithi yenyewe?" nikauliza.

"Tuliisikia yote. Wewe hunielewi. Ufunguzi ni hadithi nzima bila neno. Pazia limefungwa, watu hawajaona hata kiatu cha mtu, na wewe unawapitishia mambo yote yatakayotokea, kwa sauti. Pazia likifunguliwa wanakuta wanayajua."

"Kama wanayajua, kwa nini wasiende nyumbani?"

"Wanakaa kuona kama ulisema kweli," akasema. Halafu akaongeza, "Wewe ungeenda nyumbani. Wewe unaenda nyumbani hata ukiwa nyumbani."

Basi akatunga opera yake. Aliipa hadithi aliyodai kuisikia kwa bibi yake, ingawa mimi nashuku nusu aliiongeza akiwa anamenya viazi. Jiwe limeziba maji ya ziwa. Baba mmoja analiahidi binti yake, bora lisogee. Jiwe linasogea, maji yanapita, binti anapelekwa kuolewa na jiwe. Anakaa juu yake, analiimbia kila siku, na vyura wa ufukweni wanamcheka, kwamba amepata mume asiyejibu. Mpaka siku jiwe linajibu. Linapasuka, ndani kuna kijana.

Mama Neema aliposimuliwa alisema hiyo si ngano, hiyo ni ndoa yake, isipokuwa bado anasubiri mpasuko.

Nyimbo za opera zilichukua miaka, zikibadilishwa kila mara kwaya ya kanisa ilipobadilisha waimbaji. Ufunguzi ulikuwa umekamilika zamani. Ulianza na ngoma kubwa kwa mbali na lile besi, tarumbeta nene linalozungushwa mwilini kama chatu: hilo ndilo jiwe, zito, polepole, linapumua. Kisha tarumbeta ya kwanza peke yake, na huyo ni binti. Kisha klarineti na ngoma ndogo, kwa vijiti, vikiruka na kudakiana, na hao ni vyura. Mwisho wote pamoja, binti juu, jiwe chini, vyura katikati, mpaka jiwe linapasuka kwa pigo moja. Niliusikia ukizaliwa pale chini, ukikosewa, ukirudiwa, ukitukanwa. Nikilisha kuku niliupiga mluzi bila kujijua. Ningeweza kukuambia ni kipande gani kilichofanya maziwa yaungue jikoni kwa Mama Neema.

Shida ilikuwa kuupiga mbele ya watu. Sisi muziki wa mwanzo si wa kusikiliza. Muziki wa mwanzo ni wa kuingilia, kusalimiana, kutafuta kiti cha shangazi, kugombea soda baridi. Mwalimu aliujaribu kwenye harusi kila alipoweza, pikapu imesimama getini kwa bibi harusi, watu wanafungana vitenge. Mama mkubwa wa bibi harusi mmoja alimfuata akamwambia kwa heshima zote, "Mwalimu, tuliomba matarumbeta, hatukuomba mazishi." Kwenye sherehe moja ya kumuaga binti, upande wa Ilemela, binti wa ufunguzi alipoanza kuimba, mshereheshaji akaona amepata ukimya mzuri, akachukua kipaza sauti na kutangaza gari lililoziba njia. Mwalimu alisimamisha kundi. Akasubiri gari likatolewa. Akaanza upya toka jiwe. Ukoo ule haukumwalika tena.

Kisha magoti yakaanza kumgomea. Kilima chetu si cha magoti. Binti yake, aliyeolewa Musoma, akaja na kauli ya mwisho: Mama atahamia kwake, huko ni tambarare. Mwalimu akakubali upesi mpaka tukashangaa, kisha akataja sharti.

"Nitakuja nikishaupiga ufunguzi mara moja, mwanzo mpaka mwisho, mbele ya watu waliokaa na wasioongea. Mara moja tu. Nijue kama ni muziki, au ni kelele zangu na huyu mfungwa."

Kukawa na ukumbi wa kanisa moja kule Nyegezi, kwaya ikakubali, wanafunzi wa shule ya jirani wakakubali kuwa vyura. Kilichobaki ni Masanja.

Masanja alikuwa dereva wa bodaboda na tarumbeta ya kwanza. Kijana mpole, mnene kidogo, mwenye mapafu ya fahali. Alikuwa amezoea kupuliza akiwa nyuma ya pikapu iendayo mbio, ashindane na upepo na honi za magari. Binti wa ufunguzi anatakiwa kuimba taratibu, kama mtu anayeongea na jiwe. Binti wa Masanja alikuwa akiliita jiwe kutoka Kisesa, nje kabisa ya mji.

"Usipige kama unafukuza ng'ombe shambani," Mwalimu alimwambia.

"Mwarimu, nikipunguza haitoki," alijibu Masanja. "Hewa inakata."

Alasiri moja nikasikia hodi. Mwalimu, magoti na yote, alikuwa amepanda mpaka kwangu, Masanja nyuma yake na tarumbeta kwapani.

"Jirani, tunaomba kuku wako."

"Wa kula?"

"Wa kusikiliza."

Kila mfugaji anajua kuku wa mayai hataki kushtuliwa. Akishtuka leo, kesho anakunyima yai. Na Mwalimu alikuwa amelikumbuka hilo, bila shaka kwa sababu mimi ndiye niliyemlalamikia miaka yote kuhusu ngoma kubwa. Alimsimamisha Masanja mlangoni mwa banda, akaketi juu ya ndoo, mwiko mapajani.

"Wapigie hawa. Kuku akiinua shingo, umekosea."

Nilisimama pale nikiwa na uchungu wa mzazi. Mara ya kwanza banda zima liliruka hewani, manyoya yakatuangukia sote kichwani. Masanja akaniomba radhi mimi, akawaomba radhi na kuku. Wakarudi kesho yake, na siku iliyofuata. Mayai yalipungua mpaka Mama Neema akauliza kama nimeanza kuyala kwa siri. Lakini kidogo kidogo shingo zikawa hazipandi zote. Zikawa zinapanda za mbele tu. Halafu siku moja Masanja alikipiga kipande cha binti mwanzo hadi mwisho, na jike mmoja mwekundu, mkorofi kuliko wote, akatuangalia kwa jicho moja, akafumba.

Mimi ndiye niliyejitia kujua.

"Amekosea mahali," nikasema. "Ameruka pumziko. Pale anapopanda juu, kabla hajashuka, binti anasimama kidogo. Ndiyo penyewe pale."

Nikampigia mluzi kama nilivyousikia miaka ile. Mwalimu alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nilidhani atanirudisha kwenye pumba zangu.

"Fuata jirani," alimwambia Masanja.

Siku yenyewe nilikwenda. Najua hamtaamini, hata kondakta wa gari alimuuliza Mama Neema kama mimi ni mgeni mjini. Nilivaa suti niliyoolea, na nilichagua benchi la mwisho, karibu na mlango, ili mambo yakiwa mazito niwe wa kwanza kuwakumbuka kuku. Ukumbi ulijaa. Pazia lilikuwa vitenge vya Mama Neema vilivyoshonwa pamoja. Mbele kabisa kulikuwa na kiti kimoja chenye kitambaa cheupe, meza ndogo, maua ya plastiki na chupa ya maji, maana kwetu shughuli haina maana bila mgeni rasmi, na safari hii alikuwa mheshimiwa mmoja ambaye, kama ilivyo ada, alikuwa njiani.

Mshereheshaji akatangaza, "Mgeni wetu rasmi yuko karibu kabisa. Akiingia tutasimama wote kwa heshima, na tutakaa akishakaa yeye."

Watu wakaendelea na soga zao. Watoto wakaendelea kukimbizana. Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya kundi lake, ametupa mgongo, mgongo mpana ndani ya gauni la bluu. Mshereheshaji alimnong'oneza kitu. Naamini alimwomba asubiri. Yeye aliyechelewa kila kitu duniani alitazama saa ya ukutani, akaona muda uliotangazwa umefika, akainua mwiko.

Ngoma kubwa ikanguruma kwa mbali. Besi likaanza kupumua.

Mwenyekiti wa mtaa, aliyeketi mstari wa mbele, mzee anayejua taratibu, alisikia matarumbeta mazito ya polepole na kuelewa kama ambavyo mtu yeyote wa kwetu angeelewa: mheshimiwa anaingia. Akasimama, mikono ubavuni. Mstari wa kwanza wakasimama. Wa pili wakasimama. Viti vikasuguana sakafuni ukumbi mzima, na kila shingo ikageukia mlangoni. Mimi niliyeujua ufunguzi kuliko wote pale ndani, niliyelijua lile jiwe toka likiwa kokoto, nilisimama pia. Mama Neema alikuwa amenivuta kola.

Mlangoni hakukuwa na mtu. Kile kiti cheupe kilikuwa tupu. Na kwa kuwa tuliambiwa tutakaa akishakaa, hakuna aliyekaa. Na kwa kuwa mheshimiwa hapokelewi kwa soga, hakuna aliyeongea. Mama mmoja alimziba mwanawe mdomo kwa kiganja. Ukumbi mzima umesimama kimya, unatazama mlango.

Ndipo binti akaimba.

Masanja alifumba macho. Naapa alikuwa anawaona kuku. Sauti ilitoka ndogo, imejaa, ikapanda, ikafika juu, ikasimama pale niliposema isimame, kisha ikashuka. Nikaona shingo moja inauacha mlango na kugeukia mbele. Halafu nyingine. Vyura walipoanza, vijiti vikidakiana na klarineti, mtoto mmoja alicheka kicheko cha ghafla, na watu wazima wakatabasamu wakiwa wamesimama vile vile kama walinzi. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayemsikiliza mjukuu.

Na hapo mlango ukafunguliwa.

Mheshimiwa aliingia na msaidizi wake mwenye faili. Alikuta ukumbi mzima umesimama. Akatabasamu, akaweka tai sawa, akainua mkono kidogo, tayari kupita katikati. Hakuna aliyegeuka. Akakohoa kwa adabu. Hakuna. Mtu pekee aliyemwona ni mimi, wa benchi la mwisho, na sijui nilipata wapi ujasiri, mtu ninayeogopa hata kumrudishia kondakta noti iliyochanika: niliweka kidole mdomoni. Mheshimiwa akashusha mkono. Akasogea ukutani, akasimama kando ya makreti ya soda. Ala zote zilipoingia pamoja, binti juu na jiwe chini, nilitazama miguu yake. Kiatu kimoja kilikuwa kinahesabu.

Jiwe likapasuka. Kimya. Kisha kigelegele kimoja, toka kwa Mama Neema, halafu vyote.

Mwalimu akageuka. Alikuwa hajui chochote kilichotokea nyuma ya mgongo wake, na alichokikuta ni ukumbi mzima umesimama unampigia makofi. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukiwa mtupu namna ile, kama wa mtoto aliyeamshwa na kuambiwa ni sikukuu. Mwiko ulikuwa bado hewani.

Mshereheshaji naye akamwona mheshimiwa ukutani.

"Mgeni wetu rasmi ameshaingia!" akasema kwenye kipaza sauti. "Asanteni sana kwa kusimama kumpokea, na asante Mwalimu kwa muziki mzuri wa mapokezi."

Mheshimiwa akapita, akakaa. Watu wote wakakaa. Na Mwalimu akashusha mwiko taratibu, akaugeuza mkononi, akautazama kama amekumbuka kuna sufuria mahali.

Opera yenyewe ilikwenda salama. Pazia lilikwama nusu, na jiwe lilisahau maneno yake, ila kwa jiwe si jambo la ajabu. Watu walifurahi. Wakitoka nje niliwasikia wakitaniana, kwamba wamesimamishwa kumpokea mtu ambaye hakuwepo, na Masanja, kwa usafi wa moyo wake, akaenda kumhadithia Mwalimu yote, toka mwenyekiti alivyosimama hadi kiti kitupu. Alidhani atacheka.

Wiki hiyo hiyo pikapu ya maharusi ilibeba godoro lake na masufuria. Kundi likataka kumsindikiza kwa tarumbeta, akawakataza. "Siolewi," akasema. Mimi aliniambia tu, "Mfungwa, baki na kuku wako." Nilikuwa na jambo la kumwambia, lakini binti yake alikuwa anahesabu masufuria, dereva anapiga honi, na mimi ni mzito wa kuanza. Nikasema nitampigia simu.

Nilipiga. "Mwalimu, kuhusu siku ile ya ukumbini..."

"Mapokezi yalikuwa mazuri," akasema, akakata. Nikapiga siku nyingine, ikawa hivyo hivyo. Masanja akasema kwake pia ni hivyo, na kwamba tarumbeta la ukutani amelirudisha kwa kundi, hataki hata kulitunza.

Miezi ikapita. Nilikuwa nikilisha kuku siku moja nikagundua nimepiga ufunguzi wote kwa mluzi, na pale chini ya jiwe hakuna wa kunitukana. Nikaingia ndani.

"Naenda Musoma," nikasema.

Mama Neema alinipima homa kwa kiganja. "Wewe? Na kuku?"

"Utawaangalia."

"Mume wangu amepasuka," akamwambia mwanetu Neema kwenye simu jioni ile. "Ndiyo, kabisa. Ndani kuna kijana."

Basi la Musoma nililipanda nikiwa na trei ya mayai mapajani, na sikuyashusha hata tulipokatisha Serengeti na watu wote wakasimama kutazama nyumbu. Nilimkuta Mwalimu kibarazani, nyumba inaangalia ziwa. Amepungua. Mbele yake kikombe cha maji ya miwa, maana sasa mjukuu ndiye anayeitwanga, yeye anakunywa. Ndani televisheni ilikuwa ikipiga kelele kwa wajukuu.

"Shikamoo Mwalimu."

Alinyanyua uso, akanitazama, akatazama mayai, akatazama njia niliyotokea, kama anatafuta nani amenileta.

"Marahaba," akasema. Hakuniita mfungwa.

Nikakaa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na yote yakanikimbia, nikasema hovyo hovyo kama yalivyokuja.

"Mwalimu, mimi nilikaa nyuma, karibu na mlango. Mheshimiwa hakuingia mwanzoni. Aliingia kwenye vyura."

"Najua walimpokea."

"Hawakumwona. Ndiyo nakwambia. Mwanzo ni kweli, walisimama kwa ajili yake, walitazama mlango, hata mimi. Alipoingia kweli hakuna aliyegeuza shingo. Alikohoa, hakuna. Wote walikuwa wanawatazama ninyi. Ilibidi asimame kwenye makreti ya soda mpaka mlipomaliza."

Aliweka kikombe chini.

"Kwenye vyura?"

"Vyura wa mwanzo kabisa. Klarineti ilipopanda."

"Na mwenyekiti? Yule mwenye kupenda wakubwa?"

"Mwenyekiti alikuwa amelaza kichwa hivi."

Nikamwonyesha. Alinitazama nilivyolaza kichwa, kisha bega lake moja likaanza kutikisika, na lingine, na akacheka mpaka fizi zote zikaonekana, akapenga kwenye ncha ya kitenge.

"Na yeye mheshimiwa? Alikasirika?"

"Alikuwa anahesabu kwa mguu."

"Kwa mpigo, au nje ya mpigo?"

"Nje kidogo."

"Eeh. Hao ndio walivyo." Alifuta macho. "Na umesafiri mpaka huku kuniambia hilo, mfungwa."

"Nimeleta na mayai."

Ziwa lilikuwa limetulia, watu wawili wanasuuza nyavu ufukweni. Akaniambia nipige ule mluzi, wa binti, kwa sababu huku hakuna mtu anayeujua. Nikaona aibu, kisha nikapiga. Nilipofika juu nikasimama kama kawaida, nikashuka. Alitikisa kichwa.

"Pale hapana pumziko."

"Lipo. Nimelisikia miaka yote. Ndipo penyewe pale."

"Ulinisikia mimi. Jino lilikuwa limetoka, hewa inavujia pengoni, haifiki mpaka chini. Nilikuwa navuta pumzi, jirani. Sikulitunga lile."

Nikakumbuka banda, Masanja, ukumbi mzima uliosimama ukingoja ile sauti ishuke. "Sasa kwa nini ulimwambia anifuate?"

Alinyoosha mkono hadi kwenye trei, akatoa yai moja, akalipima uzito, akalirudisha. Halafu akainua kidole, kama zamani mwiko.

"Toka mwanzo," akasema.

Nikapiga. Polepole, kama kwa kuku. Ndani mtu alipunguza televisheni. Sauti ilipofika juu kidole chake kilisimama hewani, nami nikasimama nacho, tukangoja, mpaka alipoona inatosha akakishusha.